Ushahidi wa Mtani

Nimekalia vitu vingi maishani. Magunia ya mahindi juu ya fuso la kutoka Namtumbo, mapipa ya mafuta, sanduku la maiti nisiyemjua kati ya Tunduma na Mpika, na msimu mmoja mzima punda wa Mrangi ambaye hakutaka kuniuzia wala kunipa. Sikuwahi kuchagua cha kukalia. Nilipanda kinachoondoka. Ndiyo maana siku niliyoambiwa nichague kiti, mimi Longino Tawete, mzee mzima, nilibabaika kama bwana harusi.

Viti vilikuwa vimepangwa kwenye ghala la Mfuko, ule wa bima ya afya, hapa Makambako, upande wa stesheni ya zamani, pale upepo unapopiga kutwa na mapanga ya kufua umeme yanazunguka juu ya vilima kama watu wanaoitana. Mama Lukelo, jirani yangu wa ua mmoja, ndiye aliyenisukuma hadi pale, kwa kile kitimwendo changu cha kusukumwa chenye gurudumu lililokwisha mpira. Njia nzima alinieleza jinsi ninavyonuka.

Fundi wa ghala alikuwa mtu mpole, mikono yake ya baridi. Alinipima nyonga kwa utepe, akanipima paja, akaniuliza wapi nahisi na wapi sihisi. Nikamwambia chini ya kiuno ni kama nimekodishiwa. Nilianguka kutoka juu ya behewa kule Kapiri Mposhi, mgongo ukatua juu ya reli, na tangu hapo miguu yangu imekuwa wageni: ipo, naiona, lakini haiongei nami. Akasema basi kiti kikiwa kipana, uti wa mgongo utalala upande. Kikiwa chembamba, kitakula nyama ya nyonga, na mimi nisiyehisi nitajua kidonda kikishaoza. Mto wa viti vyake ulikuwa na vijifuko vya hewa vinavyojaa na kupungua vyenyewe kwa zamu, ili damu isilale. Niliubonyeza kwa kiganja, nikausikia unapumua. Nilipata haya kidogo, kama nimeshika mtu.

Aina zilikuwa tatu. Cha kwanza kiliitwa Kiti cha Ndani. Kidogo, kinageuka pale pale kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Mfuko ulimpa yeyote aliyeomba, bila swali. Ila kikivuka ua wa nyumba kinajizima. Cha pili, Kiti cha Mtaa, kilifika sokoni na zahanati, kikakomea mpaka wa kata. Cha tatu kilikuwa Kiti cha Barabara.

Hicho nilikikalia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kina magurudumu sita, na yale ya katikati yananyanyuka yenyewe kupapasa mtaro kabla ya kuingia, kama ng'ombe anavyopapasa tope kwa kwato. Kivuli cha juu kinakunywa jua na kulishusha kwenye betri. Mgongo unalala, ukitaka kulala nacho porini ulale. Kijiti cha kuongozea kinakaa chini ya vidole viwili. Nilimuuliza fundi mpaka wake uko wapi. Akasema hakina mpaka. Betri ikichoka unakiacha juani, kinapumzika kama mtu, mnaendelea.

Nikamwambia ni hiki.

"Anachagua kama ana pesa," Mama Lukelo akamwambia fundi. "Huyu hata kivuli chake cha kuazima."

Fundi akasema pesa si yetu, ni ya Mfuko, kazi yetu ni ushahidi tu. Mfuko ulilipia kila kitu, ukikubali. Aliyetaka cha ndani hakuulizwa. Aliyetaka cha barabara aliulizwa sana.

*

Zamani mtu akitaka kiti alipeleka barua ya daktari. Baadaye barua zikawa zinauzwa kama vitumbua, na watu wenye miguu mizima wakawa wanazurura na viti vya Mfuko huku vilema wanatambaa. Mfuko ukachoka. Ukatupa barua zote, ukaleta Sikio.

Sikio ni kitu kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Linawekwa mezani. Halijali unasema nini, linasikiliza koo. Wataalamu wanasema mtu akitaka kudanganya kuna msuli mwembamba unaokaza kabla neno halijatoka, na hata mwongo aliyebobea hawezi kuuzuia. Koo likinyooka, taa ya kijani. Koo likijipinda, nyekundu. Lilifundishwa kwa sauti za watu wengi mno, zilizokusanywa mahakamani, benki na vituo vya polisi. Sheria yake ni fupi: mdai aseme, majirani watatu waseme, taa iwe kijani kwa wote, na maneno yao yasipingane.

Aliyelileta uani kwetu ni Nuriati Shemahonge, afisa wa Mfuko, binti wa Kisambaa aliyekulia Dar es Salaam kwenye maghorofa. Alinishika mkono akaniamkia shikamoo kwa kuinama, nikampenda papo hapo. Aliliweka Sikio juu ya kigoda, akaniuliza habari za miguu yangu. Nikasema. Kijani. Mwenyekiti wa mtaa akasema ananiona nikisukumwa kila siku. Kijani. Mkaanga chapati wa kona akasema amewahi kuninyanyua nilipoanguka mvuani. Kijani.

Wa tatu alikuwa Mama Lukelo.

Hapa nieleze, maana vijana wengine siku hizi hawajui. Mimi ni Mngoni, yeye ni Mhehe. Babu zetu walichinjana miaka mingi, na walipochoka kuchinjana wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na wewe hukasiriki. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuvuruga kilio mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Tena mtani wa kweli hacheki wakati anapokutania. Anayecheka kwanza ameshindwa. Mama Lukelo alinisukuma hadi kanisani, hadi zahanati, hadi stesheni kutazama treni, kwa miaka, na katika miaka yote hiyo sikumbuki aniambie neno zuri hata moja.

Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaketi mbele ya Sikio, uso mkavu kama jiwe la kusagia.

"Huyu?" akasema. "Huyu ana miguu mizima kuliko mbuzi wangu. Jana alfajiri nimemkuta anakimbia na jogoo wangu kwapani, ameruka ule ua bila kuugusa. Wangoni ni watu wa mbio, mwanangu. Tangu babu zangu wawatimue hawajasimama. Kiti cha nini? Mpeni kamba mumfunge."

Ua mzima ulicheka. Mwenyekiti alicheka akashika ukuta. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa, maana lile la kuruka ua bila kuugusa lilikuwa jipya. Nuriati peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama taa.

Taa ilikuwa kijani, imetulia.

*

Jibu la Mfuko lilikuja haraka: dai langu limesimamishwa. Nuriati alirudi mwenyewe kunieleza, na hakuwa na raha. Alisema Sikio lina ushahidi wa kweli wa aina mbili: mzee hawezi kutembea, na mzee anakimbia na jogoo. Chombo hakiwezi kubeba kweli mbili. Nikamwambia ule ulikuwa utani. Akasema aliwaambia hivyo makao makuu, nao wakamjibu kwamba Sikio limefundishwa kutambua mzaha. Mtu akifanya mzaha koo lake lina mtikisiko wa kicheko kilichozuiwa. Kwa Mama Lukelo hawakukuta mtikisiko wowote.

"Hawawezi kuukuta," nikamwambia. "Angekuwa nao, ningemshinda."

Akatabasamu kidogo, kisha akanieleza njia iliyobaki. Kuna shauri la uzushi. Ningesema mbele ya Sikio kwamba jirani yangu kanizushia, na taa ikiwa kijani, ushahidi wake ungefutwa na kiti changu kingekuja. Neno moja tu. Nikamuuliza, na Mama Lukelo je? Akatazama chini. Shahidi mzushi huondolewa kwenye bima ya Mfuko kwa mwaka mzima, kwa kila kitu.

Mama Lukelo ana kibandiko mkononi, chini kidogo ya bega. Kinapima sukari kwenye damu na kumtilia dawa chenyewe, kidogo kidogo, usiku na mchana. Kikiwa na uhai wa bima kina rangi ya buluu. Dada yake hakuwahi kukipata. Dada yake alikatwa wayo, halafu goti, halafu tukamzika.

Nikamwambia Nuriati nitafikiri, na siyo kwamba nilikuwa nafikiri. Nilikuwa naiona barabara ya kusini, ile inayotoka Njombe ikashuka Wino mpaka Songea kwetu, na mabonde yake, na pale unapokata kona ukasikia harufu ya miti ya misindano. Niliwahi kuipita kwa miguu mara nyingi bila kuitazama. Mtu mwenye miguu hatazami njia, anatazama anakokwenda.

Jioni hiyo Mama Lukelo alinisukuma stesheni kama kawaida. Treni ya umeme ya kwenda Kapiri ilipita bila kishindo, ikatuachia upepo. Nikamwambia habari zote. Alisikiliza huku akichomoa majani yaliyonasa kwenye gurudumu langu.

"Nishitaki," akasema.

"Mtani hashitakiwi."

"Nani atajua? Sheria za wazee wako huzijui hata nusu, wewe umelelewa na malori." Akakaza kitenge. "Bibi yangu aliishi bila kibandiko, akafika miaka tisini."

Nikamwambia bibi yake alikuwa anakula mizizi na hasira. Hakujibu. Mama Lukelo asipojibu tusi, ujue jambo limemfika. Tukarudi, gurudumu linalia, na njiani alisimama kuvuta pumzi mahali ambapo zamani hakusimama. Nilimwona. Nikajua kwamba kitimwendo changu kilikuwa kinamla yeye pia.

Hapo nikaamua. Niseme ukweli, sikuamua kwa uzuri wa moyo. Niliamua kwa sababu niliona picha: mimi niko Songea, juu ya kiti chenye magurudumu sita, jua zuri, na mtu ananiletea habari za msiba kutoka Makambako. Kila nilivyoigeuza picha ile, mtu yule hakukosa kufika.

*

Nilimwita Nuriati aje anirekodi: naacha kiti cha barabara, nachukua cha ndani. Bora kuzunguka chumbani. Wako waliofungwa na wakazoea.

Alikuja asubuhi, akaweka Sikio kwenye kigoda, akaliwasha. Kabla hajaniuliza kitu, Mama Lukelo akaingia na sinia la chai, kwa sababu mgeni hawezi kuketi kwenye ua wake bila kunywa kitu. Akaniona nimejikunja kwenye kiti changu kama nguo chafu, na nadhani alitaka kuniamsha.

"Mwandikie hicho cha ndani upesi," akamwambia Nuriati. "Hata hicho atakiuza anywe ulanzi. Usimwonee huruma, Mngoni akilia anakuwa ameona mfuko wako."

Mtu akitupiwa mpira anaudaka. Sikufikiria Sikio, sikufikiria lolote. Koo langu lilikuwa limenyooka kama reli.

"Binti, usipoteze muda na huyo," nikasema. "Huyo ni marehemu. Nilimzika mwenyewe mwaka wa mafuriko, nikachimba kwa mikono hii, ndugu zake hawakuja kwa sababu alikuwa mchoyo. Kinachokuletea chai hapo ni mzimu. Ionje uone, haina sukari."

Sikio likalia mlio mfupi. Kijani.

Kwanza nilimwona Nuriati akiinua kichwa. Halafu nikamwona Mama Lukelo akitazama mkono wake. Kile kibandiko cha buluu kilikuwa kinafifia, polepole, kama kaa linalozimika, mpaka kikawa rangi ya jivu. Mfuko haumtilii dawa aliyekufa.

"Umeniua kweli," akasema Mama Lukelo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ya kawaida, haina utani.

Nuriati alikuwa tayari ana simu sikioni. Makao makuu walimwambia taarifa ya kifo imeingia, shahidi ni mkweli, mkaguzi atatumwa wiki ijayo kuthibitisha kaburi. Akawaambia marehemu yupo mbele yake ameshika sinia. Wakamuuliza kama Sikio limethibitisha hilo. Akamwomba Mama Lukelo aseme kwamba yu hai, akasema, kijani, na wao wakamjibu kwamba sasa wana kweli mbili tena, na kwa kanuni taarifa ya kifo inashikiliwa mpaka aliyeitoa aifute. Aliyeitoa ni mimi. Ningesema mbele ya chombo, "Nilidanganya," na kibandiko kingerudi papo hapo.

Nuriati akashusha simu. "Babu, nikwambie kabla hujasema. Mdai akikiri kudanganya, anafutwa. Si cha barabara tu. Hata cha ndani. Hupati kiti cha Mfuko tena maisha yako yote."

Mama Lukelo akasema nisithubutu. Akasema wiki si kitu, atakula mchicha. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alikuwa bado amesimama na lile sinia kwa sababu hakukumbuka kuliweka chini.

Nililivuta Sikio karibu.

"Nilidanganya," nikasema. "Mama Lukelo hajafa. Nilisema uongo."

Taa nyekundu.

Tukaitazama sote. Nikarudia, taratibu, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma ubaoni. Kwamba hajafa, kijani. Kwamba nilisema uongo, nyekundu. Nikajaribu kwa ukali, nyekundu. Nikaapa kwa mama yangu aliyelala Peramiho, na taa ile ikawaka nyekundu kuliko mwanzo. Jasho lilinitoka. Nimedanganya askari wa mipaka ya nchi nne nikavuka, na siku ninayotaka kuonekana mwongo nashindwa.

Lakini chombo kilisikia sawasawa. Sikuwa nimedanganya. Nilipomwambia yule mwanamke kwamba amekufa sikutaka mtu yeyote aamini, yeye hakuamini, mbuzi hawakuamini. Nilichomwambia ni kwamba yupo, na nafurahi yupo, na hiyo ndiyo njia pekee tuliyopewa na wazee ya kusema jambo kama hilo. Sasa nilipoambiwa niliite uongo, koo langu likakataa. Msuli ule mwembamba ulikaza. Niliuhisi.

Nuriati alikuwa ameketi, viganja juu ya magoti. Kisha akaanza kutueleza, kama anajieleza mwenyewe, kwamba alipokuwa mdogo walimpeleka Lushoto kumzika babu yake. Mpare mmoja, mzee mwenye kofia, akaruka akalala ndani ya kaburi lililochimbwa, akasema hatoki, marehemu amelewa tu, mwamsheni aje amlipe mbuzi wake. Yeye Nuriati alilia kwa hasira akataka kumpiga mawe. Mama yake akamshika mkono, na alipomtazama mama akakuta anacheka huku machozi yanashuka. Hakuwahi kumuuliza kwa nini. Walirudi mjini kesho yake, kulikuwa na shule.

"Kanuni zina kifungu kimoja," akasema. "Sikio likiharibika, afisa anaruhusiwa kutumia macho yake. Hakitumiki. Ukikosea, unafukuzwa kazi, kwa hiyo hakuna anayekosea."

"Halijaharibika," nikamwambia. Nilimwonea huruma. Alikuwa na kazi nzuri. "Linasikia vizuri mno."

Akaliinamia Sikio, akalisemesha kama unavyomsemesha mgonjwa.

"Mimi Nuriati Shemahonge nasema chombo hiki hakifai kusikiliza watu hawa."

Kijani.

Alilitazama kidogo, akalizima, akalitia mkobani na kufunga zipu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna afisa aliyelifanya tangu barua za madaktari zitupwe: akapiga magoti vumbini, akaomba ruhusa yangu, akapandisha suruali yangu mpaka magotini na kutazama. Miguu yangu si ya kutazamwa na binti wa watu. Imekonda kama fimbo za maharage, na wa kushoto una kovu la reli. Hakugeuza uso. Aliushika wa kulia, akauinua, akauachia, akauona unavyoanguka. Kisha akasimama, akaenda kwa Mama Lukelo, akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo yake kwa vidole kama wazee walivyokuwa wakifanya.

Akapiga simu tena. Akawaambia Sikio limeondolewa kazini chini ya kifungu cha macho, kwa jina lake. Amemwona mwanamke, yu hai. Amemwona mwanamume, hatembei. Upande wa pili walisema maneno mengi. Yeye alirudia tu, "Nimeona." Wakasema tena. Akasema, "Ndiyo, najua. Nimeona."

Chai ilikuwa imepoa kwenye sinia wakati kibandiko kiliporudi buluu. Mama Lukelo akakigusa kwa kidole, akashusha pumzi, na ndipo akaweka sinia chini.

"Afisa," akasema, "una mikono ya baridi. Nilidhani kweli nimekufa, nimeshikwa na Msambaa."

Nuriati alicheka. Alicheka akakaa chini kabisa vumbini, na nguo zake za ofisi, akacheka mpaka akatoa machozi, na sisi wawili tukamwacha.

*

Kiti kilikuja juu ya gari la Mfuko siku ya soko. Nuriati alikuja nacho. Hawakumfukuza, walimwita wakamkalisha mbele ya watu, akawaeleza, na sasa wamempa kazi ya kuzunguka mikoani kusikiliza misiba na vijiwe, ajue watu husemeshana vipi kabla chombo hakijafundishwa upya. Alisema kazi ni ngumu, amenenepa kwa pilau za watu. Mashauri mengine mengi ya zamani yamefunguliwa. Mengine hayatafunguka, waliodai wameshakufa. Hilo alilisema kwa sauti ndogo.

Walikishusha. Jua lilikuwa juu, kivuli chake kikajifungua chenyewe kama bawa la kuku anapojinyoosha. Fundi wa mikono ya baridi akaanza kukaza mikanda. Nikawa nimeshika mikono ya kiti changu cha zamani, najiandaa kubebwa.

Mama Lukelo akatoka ndani, akapita kati yetu, akaketi juu ya kiti changu kipya, akasukuma kijiti, akaondoka.

Fundi aliduwaa. Nuriati akatoa simu, akaniuliza kama akizime, kinaweza kuzimwa kwa mbali, kimeandikwa kwa jina langu. Nikamwambia aache. Kitu kipya cha mtani ni halali kuchukuliwa; anakaa nacho anavyopenda, anakirudisha anavyopenda, na mwenye kitu hakifuati wala hanuni. Tulimwona anavuka barabara, kitenge kinapepea, watu wa sokoni wanampigia miluzi, akapotea nyuma ya maduka ya mbao.

Basi nikakaa. Mimi ambaye sijawahi kungoja basi lililochelewa, nilikuwa napanda linalokwenda upande mwingine, nilikaa pale uani nikamngoja Mhehe na kiti changu. Nuriati akanimenyea chungwa. Fundi akasinzia. Sikuwa na haraka yoyote, na nilipoligundua hilo nililishangaa, kama mtu anayekuta jino lililomsumbua siku nyingi limeacha kuuma.

Alirudi jua limeanza kuegemea. Magurudumu yote sita yalikuwa mekundu kwa vumbi, na nyuma ya kiti ulining'inia mfuko wa nyanya na mfupa wa supu. Alisimama mbele yangu, akashuka kwa kuguna, akajipangusa.

"Nimekipeleka mlima wa kanisani," akasema, si kwangu, kwa fundi. "Kupanda na kushuka. Hakipinduki. Nimekiingiza kwenye mtaro wa stesheni, kimetoka. Breki ya kushoto inachelewa, ikaze. Na mkanda wa kifua urefushwe, huyu akikohoa utamkaba."

Fundi akachukua spana bila kubisha.

Walinibeba wakaniweka. Mto ulinipokea, ukapumua, na nilisikia kwa kiganja kwamba ulikuwa bado na joto lake. Mama Lukelo alikuwa ameshachukua nyanya zake na kuingia ndani. Akapaza sauti kutoka jikoni kwamba supu haingoji Wangoni.

Nikashika kijiti, nikatoka nje ya ua. Hakikujizima. Nikapita soko, nikapita ghala la Mfuko, nikafika pale lami ya Njombe inapoanza kushuka na unaweza kuona barabara ikijikunja mpaka kwenye vilima vya buluu, na malori madogo madogo yanakwenda. Nikasimama pembeni. Nilitazama sana, upepo mzuri. Halafu nikageuza, nikarudi kula.